Kununua Mashua Iliyotumika: Tazama Mkuku Kwanza

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Shinyanga na Geita

(Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya somo kuanza, weka tayari beseni kubwa lenye maji, kisu cha jikoni, ubao na chaki. Kila mwanafunzi awe na daftari na kalamu.)

  

Leo tutazungumza habari ya kununua mashua ya tanga iliyokwisha kutumika. Najua wako watakaosema, "Bwana Elimu, sisi huku tuna ng'ombe, pamba na vumbi. Mashua ya nini?" Swali hilo ni la haki. Lakini tazameni mambo yanavyokwenda. Kijana wa Shinyanga huenda Geita kuchimba dhahabu. Siku moja Mungu humjalia, akapata fedha kidogo. Fedha ya dhahabu haipendi kulala mfukoni. Kabla haijaisha, kijana mwenye akili hutafuta kitu cha kuishika. Mmoja hununua ng'ombe, mwingine hujenga nyumba, na mwingine hutelemka mpaka ziwani, ambako si mbali na machimbo, akanunua chombo cha kuchukulia mizigo kwenda visiwani. Wazee nao huuza ng'ombe kwa ajili hiyo hiyo. Na mara nyingi huyu mnunuzi hajapata kushika kasia maisha yake yote.

Mtu kama huyo alikuwa mjomba wangu. Nitawasimulia habari zake, kwa sababu mwenyewe ameniruhusu.

Mwaka 2008 mjomba aliuza ng'ombe tisa. Alikwenda mwalo mmoja upande wa Geita, akaonyeshwa mashua ya mbao yenye tanga. Ilikuwa imewekwa juu ya mchanga, imepakwa rangi mpya ya buluu, inang'aa. Mwenye mashua akamwambia, "Mzee, chombo hiki si kama vingine. Hiki kinaingia mpaka mchangani. Abiria wako hawatalowa hata magoti." Kisha wakaishusha majini, wakatweka tanga, upepo ukaisukuma vizuri kabisa. Mjomba akafurahi. Akalipa fedha yote, akatia dole gumba katika karatasi, akawa mwenye chombo.

Sasa tuiache habari hiyo hapo kidogo. Kwanza tujifunze jambo lenyewe.

MKUKU NI NINI?

Chukua kalamu, andika neno hili: MKUKU. Mkuku ni ule mti mrefu ulio chini kabisa ya chombo, unaotoka mbele mpaka nyuma. Mataruma, yaani zile mbao zilizopinda kama mbavu, hushikwa juu yake. Basi mkuku ni kama uti wa mgongo wa ng'ombe. Mbavu zikivunjika mbili, ng'ombe aweza kupona. Uti wa mgongo ukivunjika, kazi imekwisha.

Lakini mkuku una kazi ya pili, na hii ndiyo watu wa bara hatuijui. Mkuku unaotokeza chini hukizuia chombo kisisukumwe kando na upepo.

Mwalimu, tafadhali lete beseni. Mwanafunzi mmoja ashike kisu, atie ubapa wake majini wima, makali yakitazama chini. Sasa akisukume kisu kwenda mbele, kama mtu akataye mkate. Kinakwenda bila taabu. Sasa akisukume kwa ubavu. Mmeona? Maji yanakataa. Hivyo ndivyo ufanyavyo mkuku. Maji huuruhusu kwenda mbele, lakini huuzuia kwenda upande.

Sasa akiinue kisu, ncha ndogo tu ibaki majini, akisukume tena kwa ubavu. Kinateleza, sivyo? Basi huo ndio mkuku uliokatwa.

KWA NINI WATU HUKATA MKUKU?

Hawakati kwa ujinga. Wana sababu. Ziwa Victoria ni pana sana, kilometa za mraba zipatazo 68,800, lakini si refu kwenda chini. Pahali penye kina kikubwa hapazidi sana meta 80. Na kando kando, katika ghuba na penye matete, maji huwa mafupi kwa mwendo mrefu. Tena maji ya ziwa hupanda na kushuka. Kati ya mwaka 1961 na 1964 yalipanda zaidi ya meta mbili. Mwaka 2006 yalishuka sana, mialo mingi ikabaki mbali na maji. Mwaka 2020 yakapanda tena, yakaingia mashambani na majumbani. Mtu mwenye mashua yenye mkuku mrefu, maji yakishuka, hulazimika kusimama mbali, na mizigo yote ichukuliwe kichwani majini.

Tufanye hesabu. Mashua ya kwanza inazama sentimeta 60 majini. Ya pili imekatwa mkuku, inazama sentimeta 35. Tuseme kila ukitoka ufukoni hatua moja, maji huongezeka sentimeta 5.

Mashua ya kwanza: 60 gawanya kwa 5 ni 12. Itasimama hatua 12 kutoka mchangani.
Mashua ya pili: 35 gawanya kwa 5 ni 7. Itasimama hatua 7.

Basi mchukuzi amepunguziwa hatua 5 kwa kila gunia. Kwa magunia 50, hatua 250. Hiyo ni faida ya kweli, nasi hatutaikana.

Sasa tufanye hesabu ya upande wa pili. Tuseme mashua yenye mkuku mzima, ikienda mbele hatua 100 upepo ukiwa wa ubavuni, husukumwa kando hatua 10. Iliyokatwa husukumwa hatua 30. Safari ni hatua 2,000. Na upande ule inakosukumwa kuna majabali, hatua 400 tu kutoka njia yako.

Mashua ya kwanza: mara 20 za hatua 10 ni 200. Imepita salama.
Mashua ya pili: mara 20 za hatua 30 ni 600. Haikupita. Imeyafikia majabali kabla ya safari kwisha.

Hesabu hizi ni za mfano, kila chombo kina tabia yake. Lakini jibu lake si la mfano. Faida ya mkuku mfupi waiona ufukoni. Hasara yake iko katikati ya maji, ambako wanunuzi wengi hawafiki siku ya kununua.

UPEPO WA ZIWA

Lazima tujue pia desturi ya upepo. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja pwani. Usiku nchi hupoa, na upepo hugeuka, huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa sababu hiyo mabaharia wa tanga wa upande wetu wa kusini hupenda kuondoka alfajiri, upepo ukiwa nyuma yao, na kurudi mchana, upepo ukiwa tena nyuma yao. Dhoruba nazo huja, hasa wakati wa mvua, na nyingi huja usiku na alfajiri, kwa hiyo kila mtu hutazama mawingu kwanza.

Upepo ukiwa nyuma, hata sahani ingeweza kusafiri. Mkuku hauna kazi kubwa hapo. Lakini upepo ukiwa mbele, chombo cha tanga hakiwezi kuukabili moja kwa moja. Hupindapinda, mara kulia mara kushoto, kikipanda kidogo kidogo. Watu wa pwani ya bahari huita kazi hiyo kubisha. Chombo kisichokuwa na mkuku wa kutosha hakiwezi kubisha. Kitapinda kulia, kitapinda kushoto, na mwisho utajikuta pale pale ulipoanza, au nyuma zaidi.

Sasa mmekwisha tambua ni nini kilichompata mjomba wangu. Siku ile ya kununua, walimjaribia mashua kwa upepo wa nyuma. Safari mbili za kwanza aliondoka alfajiri akarudi mchana, upepo wa nyuma kwenda, upepo wa nyuma kurudi. Hakuona kasoro yo yote. Safari ya tatu mizigo ilichelewa kufika. Wakangoja magunia ya mahindi, wakaondoka saa tano asubuhi. Upepo wa ziwani ulikuwa umekwisha anza, tena wa usoni. Wakabisha mpaka saa kumi. Kila wakigeuka, lile jiwe walilokuwa wameliacha kushoto lilikuwa karibu zaidi. Mjomba alisema lilikuwa kama linawafuata. Jioni mashua ikapigwa juu ya majabali, ikapasuka mbao za chini, pale pale mkuku ulipokuwa umechongwa. Watu watatu walishika foromali ya tanga wakaokolewa na wavuvi wa dagaa. Kijana mmoja mpiga makasia hakuonekana mpaka siku ya pili. Tulimzika sisi.

MAMBO YA KUTAZAMA

Ndugu zangu, simsemi mtu asinunue mashua yenye mkuku mfupi. Ziko zilizofanywa vizuri. Katika nchi ya Uholanzi, ambako bahari ya pwani ni fupi sana, watu wamesafiri kwa karne nyingi katika mashua za chini bapa zisizo na mkuku mrefu. Lakini wao waliweka mbao mbili kubwa ubavuni, moja kulia na moja kushoto. Wakifika penye kina huishusha ile ya upande upepo unakokwenda, ikafanya kazi ya mkuku. Wakifika penye maji mafupi huiinua. Yaani waliondoa kitu, wakaweka kingine mahali pake. Basi swali lako kwa mwenye mashua liwe hili: "Ulipoondoa mkuku, uliweka nini?" Fundi mzuri aweza kujibu, "Nimepunguza kina, lakini nimeurefusha na kuunenepesha," au "Nimeongeza farumi." Akikujibu, "Hakuna neno, mzee, inakwenda tu," shika fedha yako vizuri.

Andikeni mambo sita.

La kwanza, itazame mashua ikiwa juu ya nchi kavu. Inama, utazame chini. Usione haya kulala mchangani. Rangi mpya na lami mpya huficha mengi. Pima mkuku kwa kijiti mbele, katikati na nyuma. Ukikuta alama za tezo, au mti mpya uliopachikwa juu ya mti wa kale, uliza.

La pili, chukua kisu chenye ncha. Choma mkuku na mbao zinazokutana nao. Mti mzima hukataa ncha. Mti uliooza huipokea kama muhogo uliopikwa. Mvule ni mti mzuri wa chombo, hauozi upesi. Lakini hata mvule huoza pale misumari inapopata kutu. Msumari uliolia kutu nyekundu umekwisha kazi yake.

La tatu, tazama kalafati. Kalafati ni pamba au nyuzi zinazoshindiliwa kati ya mbao ili maji yasiingie. Naam, ndugu wa Shinyanga, ni pamba kama hii mnayolima! Mfereji ulio karibu na mkuku ndio uvujao kwanza katika chombo kilichochongwa chini.

La nne, ishushe majini, uiache usiku kucha. Asubuhi pima maji yaliyoingia ndani. Mbao zilizokauka huvuja kidogo mpaka zifure, hilo si ajabu. Lakini ikiwa siku ya pili maji ni yale yale, hapo pana jambo.

La tano, jaribu uzito. Mkiwa penye maji ya kifuani, watu watatu wasimame upande mmoja, kisha warudi katikati. Mashua nzuri huinama, halafu hurudi upesi. Mashua iliyopunguzwa uzito wa chini huinama sana na kurudi polepole, kama mlevi anayefikiri. Mashua hiyo yahitaji farumi, yaani mawe au mifuko ya mchanga iliyopangwa chini na kufungwa isihame. Jambo la uzito si la mchezo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 walikufa. Nchi ilikuwa karibu, walikuwa wanaiona.

La sita, safiri nayo. Usikubali upepo wa nyuma tu. Ngoja upepo wa ziwani uanze, ndipo uombe wabishe. Chagua mti mmoja ufukoni uwe alama, kisha utazame nyuma, uone njia ya povu inayoachwa na chombo. Ikinyooka nyuma ya usukani, ni vizuri. Ikienda upande, chombo kinateleza. Na ninyi nyote mvae maboya. Chukua fundi asiyemjua mwenye mashua. Mlipe ujira wake hata akikuambia usinunue, hasa akikuambia hivyo.

GHARAMA

Watu husema rahisi inavunja upishi. Tuseme mashua mpya ni shilingi 3,500,000. Iliyotumika ni shilingi 2,900,000. Waona umeokoa 600,000. Lakini fundi anasema mkuku lazima utengenezwe. Andika: mbao 260,000, misumari na kalafati 90,000, ujira wa fundi 220,000, tanga jipya 150,000. Jumlisha. Ni 720,000. Ongeza juu ya 2,900,000, utapata 3,620,000. Mashua kuukuu imeipita mashua mpya kwa shilingi 120,000! Bei hizi ni za zoezi tu. Kwenu tafuteni bei za kweli, mfanye hesabu hiyo hiyo kabla hamjatoa fedha.

KARATASI

Mwisho kabisa, uliza mashua ni mali ya nani, na nani mwingine anaidai.

Jambo hili ni la zamani katika ziwa letu. Mwaka 1877 wamisionari Waingereza walinunua jahazi kisiwani Ukerewe kwa mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Songoro. Lakini Songoro alikuwa na daawa na Lukonge, mtemi wa Ukerewe, aliyekuwa na madai yake juu ya chombo hicho. Ugomvi wa Songoro na mtemi ukaendelea kukua. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule mapigano yakatokea, Songoro akauawa, na wamisionari wawili, Smith na O'Neill, wakauawa pamoja naye. Wanunuzi walikuwa wameingia katika ugomvi ambao haukuwa wao.

Siku hizi twaweza kuuliza kwa amani. Nenda kwa viongozi wa mwalo, wale wa BMU. Uliza namba ya chombo, uilinganishe na ile iliyoandikwa ubavuni. Kama ni chombo cha kuvulia, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yataka kiandikishwe na kiwe na leseni. Kama ni cha mizigo na abiria, uliza habari za ukaguzi kwa maafisa wa TASAC. Mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa kijiji. Na kila neno lililoandikwa, ulisome mwenyewe.

Hapo narudi kwa mjomba wangu kwa mara ya mwisho. Baada ya mazishi alinipa ile karatasi aliyotia dole gumba. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nimekuja likizo. Ilikuwa na mistari mitatu tu. Mstari wa pili ulisema: "Mkuku wa chombo umepunguzwa, mnunuzi ameona na kuridhika." Nikamsomea. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe karatasi ilikuwa inaniambia."

Mjomba alichukua ng'ombe wawili katika wale waliobaki, akawapeleka kwa mama wa yule kijana. Hakudaiwa, alipeleka mwenyewe. Mwaka uliofuata akaingia darasa la watu wazima, mzee wa miaka hamsini na tano, akakaa benchi la mbele kwa sababu macho yake hayaoni mbali.

 

MANENO YA KUJIFUNZA

Mkuku: mti mrefu wa chini wa chombo.
Taruma: ubao uliopinda kama ubavu, yakiwa mengi, mataruma.
Kalafati: pamba au nyuzi za kuziba nafasi kati ya mbao.
Farumi: uzito unaowekwa chini ili chombo kisipinduke.
Foromali: mti unaoshika tanga juu ya mlingoti.
Kubisha: kwenda kwa kupindapinda upepo ukiwa wa mbele.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini mjomba hakuona kasoro ya mashua katika safari mbili za kwanza?
2. Mashua inazama sentimeta 45. Kila hatua maji huongezeka sentimeta 5. Itasimama hatua ngapi kutoka mchangani?
3. Mashua husukumwa kando hatua 20 kwa kila hatua 100. Safari ni hatua 1,500. Itasukumwa hatua ngapi?
4. Kila mmoja aandike karatasi fupi ya mapatano ya kununua chombo, yenye jina la mwuzaji, jina la mnunuzi, bei, namba ya chombo, kasoro zake, na mashahidi wawili. Kisha mbadilishane, kila mtu asome karatasi ya mwenzake kwa sauti.
5. Zungumzeni: Je, katika kununua ng'ombe, baiskeli, pikipiki au mashine ya kusaga, ni kitu gani kilicho kama mkuku, kisichoonekana mpaka siku ya taabu?